Ongezeko lilipitia mlango gani? Kisa cha Marekani tangu 1973

Januari 1973, mfanyakazi wa kawaida wa Marekani, yaani asiye na cheo cha kusimamia wenzake, alilipwa kwa wastani dola 4.03 kwa saa. Ukizigeuza ziendane na bei za mwaka 2018, dola hizo zina nguvu ya kununua ya dola 23.68. Julai 2018 mfanyakazi wa daraja hilohilo alikuwa akilipwa wastani wa dola 22.65. Katika miaka hiyo 45 kompyuta iliingia kila ofisi, pato la taifa kwa kila mtu liliongezeka maradufu, na bado saa moja ya jasho lake ilinunua pungufu ya ilichonunua 1973.

Sasa fungua ripoti ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani iliyotoka 2019. Wataalamu wake walipanga kaya zote kuanzia maskini hadi tajiri, wakazigawa mafungu matano yaliyo sawa kwa idadi ya watu. Fungu la chini kabisa, ukishatoa kodi na kuongeza misaada ya serikali, kipato chake kilipanda kwa 85% kati ya 1979 na 2016.

Nchi ni moja na miaka karibu ni ileile. Hesabu ya kwanza inasema mtu wa chini amekwama, ya pili inasema amekaribia kupata mara mbili ya alichokuwa nacho. Watu hurushiana takwimu hizi kwa hasira, kila mmoja akiamini mwenzake anadanganya. Nimezipitia hesabu zote mbili na sioni uongo ndani yake. Ninachoona ni kwamba ongezeko lililomfikia mtu wa chini halikupitia mlango uleule aliouzoea baba yake, na hilo ndilo ninalotaka kulichambua, kwa sababu mlango una uzito sawa na kiasi chenyewe.

Pale mshahara ulipokuwa umefungwa kamba

Kati ya 1947 na 1973 kipato cha familia za Marekani kiliongezeka takriban maradufu katika kila fungu, la chini, la kati na la juu, na la chini lilikwenda kwa kasi kidogo kuliko mengine. Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy, akizungumza kwenye uzinduzi wa bwawa la Greers Ferry huko Arkansas, alisema kwamba maji yakijaa, vyombo vyote huinuka. Siku hiyo maneno yake hayakuwa ahadi wala ndoto, yalikuwa maelezo ya kile kilichokuwa kikionekana kwa macho.

Lakini maji hayo yalikuwa na watu walioyaongoza. Mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya Walter Reuther, kilitia saini mkataba wa miaka 5 na kampuni ya General Motors. Ndani ya mkataba huo mshahara ulifungwa kamba kwenye vitu viwili. Gharama ya maisha ikipanda, mshahara unapanda nayo. Na kila mwaka unaongezwa tena kidogo, kwa sababu kiwanda kinazalisha zaidi kwa saa ileile na mfanyakazi ana haki na sehemu ya hilo. Pensheni na bima ya matibabu vilikuwamo. Katikati ya miaka ya 1950 takriban mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kampuni zisizo na chama zililazimika kufuata nyayo ili zisikimbiwe. Kodi ya kipato kwa sehemu ya juu kabisa ya mapato ya tajiri ilifika 91%.

Siitamani enzi hiyo kwa ujumla wake, na sipendi inavyopambwa. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na Wamarekani Weusi walikuwa wamejazana kwenye kazi hizohizo. Mwaka 1959 Weusi 55.1% walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Mwaka 2019 walikuwa 18.8%, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kurekodiwa hadi hapo. Yeyote anayesema kwamba hakuna kilichonyanyuka katika nusu karne ile anapaswa kukaa na tarakimu hizo mbili kwa muda. Vivyo hivyo kwa wazee: 35.2% walikuwa maskini 1959, na 8.9% mwaka 2019.

Jumatatu moja Youngstown

Kamba ile ilipokatika, haikukatika siku moja wala mahali pamoja, ila kuna siku moja inayoonyesha vizuri jinsi ilivyokuwa. Jumatatu ya 19 Septemba 1977, huko Youngstown, Ohio, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma kiitwacho Campbell Works. Takriban watu 5,000 walipoteza kazi. Kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka 1969 na kampuni mama iliyokuwa na makao yake New Orleans, mbali kabisa na bonde ulipo mji huo, na mitambo ilikuwa imezeeka bila kufanyiwa ukarabati wa maana huku chuma cha Japani na Ulaya kikiingia kwa bei nafuu. Wenyeji waliipa siku hiyo jina la Jumatatu Nyeusi. Viwanda vingine vya bonde hilo vilifuata katika miaka michache iliyofuata.

Mji uliokuwa na watu karibu 140,000 mwaka 1970 ulihesabiwa kuwa na 60,068 mwaka 2020.

Jambo la kutazama hapa si kazi kupotea peke yake, kwa maana kazi hupotea na nyingine huzaliwa. Kazi iliyopotea Youngstown ilikuwa na chama, pensheni, bima, na mshahara uliopanda bila mtu kwenda kumpigia mwajiri magoti. Zilizozaliwa baadaye, za dukani, ghalani na za kuhudumia wagonjwa majumbani, hazikuwa na kamba yoyote. Hesabu ya ajira inaweza kurudi ilipokuwa na mtu bado akawa ameshuka.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri binafsi wakaona kwamba mgomo si kitu cha kuogopwa tena. Uanachama wa vyama ulishuka hadi 20.1% mwaka 1983 na 10.3% mwaka 2019. Kiwango cha juu cha kodi kilishuka hadi 28% mwaka 1988. Desemba 2001 China iliingia Shirika la Biashara Duniani na viwanda vingi vya Marekani vikaelemewa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kiliwekwa dola 7.25 Julai 2009 kikaachwa hapo mwaka baada ya mwaka, na hakijawahi kurudi kwenye uwezo wa kununua uliokuwa nao mwaka 1968, kilipokuwa dola 1.60.

Kwa nini hesabu mbili za kweli zinapishana

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ugomvi wa kwanza ni wa bei. Ukisema dola 4.03 za 1973 ni sawa na 23.68 za 2018, umeshaamua namna ya kupima mfumuko wa bei. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na mchumi Michael Boskin ilieleza kwamba kipimo rasmi cha bei kilikuwa kinazidisha mfumuko kwa takriban asilimia 1.1 kila mwaka, kwa sababu hakikuzingatia vya kutosha ubora wa bidhaa mpya wala tabia ya watu kuhamia kwenye bidhaa ya bei nafuu. Asilimia moja kwa mwaka inaonekana ndogo. Ilimbikize miaka 40 na mshahara "uliokwama" unageuka kuwa mshahara uliopanda kwa karibu nusu.

Chukua televisheni. Mtakwimu wa bei akikuta televisheni ya mwaka huu ina kioo kikubwa na picha safi kuliko ya mwaka jana kwa bei ileile, ataandika kwamba bei imeshuka, maana umepata kitu bora kwa pesa ileile. Kwa njia hiyo, faharasa ya bei ya televisheni Marekani, yaani kipimo rasmi cha mwendo wa bei yake, ilishuka kwa zaidi ya 90% kati ya 1997 na 2019. Sikatai mantiki yake. Lakini katika miaka hiyohiyo ada ya chuo ilizidi mara mbili, huku bei kwa jumla zikipanda kwa karibu 60% tu. Mzazi anayetaka mtoto wake atoke alipo hahitaji televisheni ya kumi, anahitaji ada. Vitu vilivyokuwa nafuu ni vile vinavyofanya leo iwe rahisi kuvumilika. Vilivyopaa, yaani chuo, matibabu, na nyumba kwenye miji yenye kazi nzuri, ni vile vinavyomvusha mtu. Wastani wa bei unavichanganya vyote kwenye chungu kimoja.

Ugomvi wa pili ni kuhusu kinachoitwa malipo. Mwaka 1999 bima ya afya ya familia kupitia mwajiri iligharimu wastani wa dola 5,791 kwa mwaka. Mwaka 2019 ilikuwa dola 20,576. Sehemu kubwa hulipwa na mwajiri, na mwajiri anaihesabu, kwa haki, kuwa ni gharama ya kumwajiri mtu yule. Kwa hiyo anasema: malipo yamepanda. Mfanyakazi anatazama hati yake ya mshahara na haoni nyongeza. Wote wawili wanasema kweli. Nyongeza imekwenda moja kwa moja hospitalini, na pengine matibabu anayopata ni yaleyale ya jana kwa bei ya leo.

Ugomvi wa tatu ndio mzito kuliko yote: kipi ni kipato?

Mstari rasmi wa umaskini wa Marekani ulibuniwa na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua gharama ya chakula cha kubana matumizi akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa 1955 ulionyesha kwamba familia hutumia takriban theluthi ya kipato chake kwa chakula. Kipimo hicho kinahesabu fedha taslimu kabla ya kodi basi. Msaada wa chakula hakiuoni, wala marejesho ya kodi kwa wenye mishahara midogo yaliyoanzishwa 1975, wala Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo iliyoanzishwa 1965. Ndiyo maana kinaonyesha 11.1% mwaka 1973 na 10.5% mwaka 2019, kana kwamba mabilioni yaliyotumika katikati yalimwagwa mchangani. Hiyo si haki kwa sera zile, na inawapa silaha wanaotaka zifutwe.

Hesabu ya Ofisi ya Bajeti inakwenda upande wa pili: inahesabu vyote. Na katika ile 85% ya fungu la chini, sehemu kubwa ni Medicaid. Namna inavyohesabiwa ni kwamba kila aliyesajiliwa huwekewa kwenye kipato chake wastani wa fedha ambazo serikali hutumia kwa mtu wa aina yake. Mama mwenye watoto wawili wasiougua mwaka mzima, kwenye jedwali amepata maelfu ya dola. Na hospitali zikipandisha bei kuliko bei nyingine, kipato chake kwenye jedwali kinapanda zaidi, ingawa sindano ni ileile.

Sitaki kuidharau bima hiyo. Mtoto anayetibiwa bila mama kuingia kwenye deni amepata kitu halisi, na pengine kikubwa kuliko nyongeza ya mshahara. Ila mwenye nyumba haipokei badala ya kodi ya pango tarehe moja ya mwezi. Haiwekwi akiba, haimwezeshi mtu kuacha kazi mbaya ili atafute nzuri, haiachwi urithi. Bila kuhesabu misaada ya namna hii na kabla ya kukata kodi, kipato cha fungu la chini kilipanda kwa takriban theluthi katika miaka 37. Kwa asilimia 1 ya juu kabisa, baada ya kodi, ongezeko ni 226%.

Na waliobaki nyuma kabisa kwa kasi ni wa katikati. Mafungu matatu ya kati yalipata 47% tu baada ya kodi na misaada. Kipato chao ni kikubwa kiasi cha kukosa misaada na kidogo kiasi cha kutonufaika na kupanda kwa hisa. Sehemu kubwa ya nyongeza yao ilitokana na kuingiza mshahara wa pili nyumbani: wanawake waliokuwa kwenye soko la ajira walikuwa karibu 34% mwaka 1950 na 60% mwaka 1999. Ni hatua kubwa ya uhuru, nami naiheshimu hivyo. Pia ni saa nyingi zaidi za kazi kwa kila nyumba.

Hata wachumi wakubwa hawajakubaliana kuhusu mgawanyo wa kipato. Thomas Piketty, Emmanuel Saez na Gabriel Zucman walikuta kwamba kipato cha nusu ya chini ya watu wazima, kabla ya kodi na misaada, kilibaki takriban dola 16,000 kwa mtu kuanzia 1980 hadi 2014, wakati wastani wa taifa ulipanda kwa 60%. Gerald Auten na David Splinter, wakitumia takwimu za kodi hizohizo lakini wakigawa kwa namna nyingine kipato kisichotangazwa, wanasema baada ya kodi sehemu ya asilimia 1 ya juu haijabadilika sana tangu miaka ya 1960. Mimi naona Auten na Splinter wana hoja nzuri kuhusu kinachofika mkononi baada ya serikali kuingilia kati, na Piketty na wenzake wana hoja nzuri kuhusu kile ambacho soko lenyewe linamlipa mtu. Wakisomwa pamoja wanaeleza jambo moja: soko liliacha kumlipa mtu wa chini sehemu yake, na serikali ikaziba sehemu ya pengo.

Visivyo na bei

Kuna vipimo visivyotegemea sana ubishi wa mfumuko. Mchumi Raj Chetty na wenzake walilinganisha watoto na wazazi wao walipofika umri wa miaka 30. Waliozaliwa 1940, takriban 90% waliwapita wazazi wao kwa kipato. Waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni nusu tu.

Kipimo cha pili ni miaka ya kuishi, na ndicho kinachoniumiza. Chetty na kundi lingine walikuta kwamba mwanamume wa asilimia 1 ya juu anatarajiwa kuishi miaka 14.6 zaidi ya yule wa asilimia 1 ya chini. Kwa wanawake pengo ni miaka 10.1. Kati ya 2001 na 2014, wanaume wa asilimia 5 ya juu waliongezewa miaka 2.34 ya kuishi na wanawake wa daraja hilo 2.91. Kwa asilimia 5 ya chini, wanaume waliongezewa 0.32. Wanawake waliongezewa 0.04, yaani kama wiki mbili. Wiki mbili, ndani ya miaka 13, katika nchi inayotumia kwa afya karibu 18% ya pato lake lote. Mwanamke huyohuyo ndiye ambaye kwenye jedwali la kipato amepanda kwa sababu ya bima.

Mlango unaofungwa na kura

Miaka ya hivi karibuni imetupa majaribio mawili yanayofaa kuwekwa sambamba.

La kwanza ni la mshahara. Baada ya janga la korona wafanyakazi walikuwa adimu, na mishahara ya kazi za chini ilipanda kwa kasi kuliko ya kazi za juu. Kima cha chini cha serikali kuu hakikuguswa. Waajiri waliongeza kwa sababu mtu wa kuhudumia mezani alikuwa na pa kwenda pengine. Kwa hiyo ule mlango wa zamani haukuzibwa kwa saruji.

La pili ni la misaada. Mwaka 2021 Bunge lilikuza nafuu ya kodi kwa watoto kutoka dola 2,000 hadi 3,000 kwa mtoto, na 3,600 kwa mwenye umri chini ya miaka 6, likaruhusu ilipwe hata kwa wazazi wasio na kipato cha kutozwa kodi. Kuanzia Julai hadi Desemba sehemu yake iliingia benki kila mwezi. Kwa kipimo cha nyongeza cha umaskini, kile kinachohesabu misaada na kodi, umaskini wa watoto ulishuka hadi 5.2%, kiwango ambacho kipimo hicho hakikuwa kimewahi kukiona.

Muswada wa kuurefusha mpango huo ulikwama kwenye Seneti iliyokuwa imegawanyika 50 kwa 50. Januari 2022 malipo ya kila mwezi hayakuingia, na misaada mingine ya dharura nayo ilikuwa imekwisha. Mwaka huo ajira zilikuwa nyingi na wazazi wengi walikuwa kazini. Umaskini wa watoto ulirudi hadi 12.4%.